Kasi ya Vidole na Kazi ya Macho

Tangazo la kazi ya katibu mahsusi serikalini lina sentensi moja ambayo kila aliyesomea uhazili anaijua kwa moyo: mwombaji awe amefaulu somo la hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika moja. Daraja likipanda, maneno yanakuwa 100. Sifa nyingine katika tangazo hilo zinathibitishwa kwa vyeti, lakini hii ni ya mkono wenyewe. Unaweza kuwa na adabu, mwandiko mzuri na barua za utambulisho kutoka kwa wakubwa. Mkufunzi akishawasha saa na kuanza kusoma imla, ama kalamu yako inakwenda na mdomo wake, ama haiendi.

Nimeishi na namba hiyo muda mrefu. Nilisomea uhazili Tabora, nikafanya kazi za ofisini, na sasa nina steshenari Singida mjini, si mbali na Ziwa Singidani. Tunachapa, tunatoa kopi, tunalaminisha vyeti na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapa hapa mjini, kwa hiyo vijana wanaokuja kuomba kazi au nafasi ya mafunzo kwa vitendo hawakosekani. Karibu wote huanza na namba. "Shikamoo mama, mimi nachapa maneno sitini." Mwingine hamsini, mwingine sabini. Sijawahi kusikia kijana akiniambia, mama, mimi nikichapa huwa naelewa ninachokichapa.

Kilichonifanya niitafakari upya namba hiyo ni gemu. Mtoto wa kaka yangu alikuja kukaa nasi akisubiri matokeo ya kidato cha sita, na jioni tukishafunga mlango hukaa kwenye kompyuta ya nyuma akacheza Age of Empires II. Siku moja aliniambia kwa fahari, "Shangazi, mimi sasa napiga mia na ishirini kwa dakika." Nikageuka. Hiyo ni lugha ya kazi yangu, na sikutegemea kuisikia kwa mtoto anayejenga ngome na kufuga kondoo wa kwenye skrini. Nikamwambia anieleze.

Kwa asiyezijua, gemu hizi ni za kujenga himaya na kupigana vita, ila hazichezwi kwa zamu kama bao au drafti. Hakuna kumngoja mwenzako aweke kete. Wewe unakata miti, unalima, unachimba dhahabu, unaandaa askari, na mwenzako anafanya hayo hayo sekunde ile ile, mahali usipopaona. Saa haisimami. Ndipo wachezaji wakajiwekea kipimo: kila kubonyeza kitufe na kila kubofya mausi ni kitendo kimoja, vitendo vinajumlishwa, vinagawanywa kwa dakika. Wanakiita APM. Gemu ya StarCraft, iliyotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 1998, ilipoingia Korea Kusini iligeuka mchezo wa kulipwa unaoonyeshwa kwenye televisheni, na mabingwa wa huko walijulikana kwa kupiga vitendo 300 na zaidi kwa dakika. Ni vitano kila sekunde. Kamera ziliwekwa juu ya mikono yao ili watu waone vidole tu.

Sasa nikapiga hesabu yangu ya kihazili. Katika majaribio ya kuchapa, "neno" ni mapigo matano ya kibodi, nafasi ikiwemo. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, na ndiyo maana kitenzi kimoja cha Kiswahili chenye viambishi vingi kinaweza kuhesabiwa kuwa maneno mawili au hata matatu. Wanafunzi wetu wajue hilo kabla ya kujidharau. Basi mchapaji wa maneno 60 kwa dakika anapiga mapigo 300. Yaani yule kijana wa maneno sitini aliyesimama mbele yangu na bahasha ya vyeti mkononi ana idadi ile ile ya mapigo aliyonayo bingwa wa Korea. Na bado ukimkalisha leo kwenye kiti cha bingwa huyo, hatamaliza hata dakika kumi.

Hesabu hiyo ilinikaa kichwani. Kama namba ni moja na uwezo ni mbingu na ardhi, basi namba haipimi kile tunachodhani inapima.

Nilianza kukaa kando ya huyu kijana akicheza, nikiwa na daftari la mauzo ya siku magotini. Gemu yake inaanza na wanakijiji watatu, mpanda farasi mmoja wa kupeleleza na jengo moja kubwa la katikati. Katika sekunde hizo za mwanzo hakuna kazi ya kutosha kwa mikono miwili. Hata hivyo alikuwa anabofya tu, tap-tap-tap, anamwamuru mwanakijiji aende alikokuwa tayari anakwenda. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hata wakubwa wanafanya hivyo, kupasha vidole moto na kushika mdundo. Ni kweli, wanafanya. Na ndiyo maana baadaye zikatengenezwa programu za kuchuja, zinazotupa vitendo vya kurudia na kubakiza vyenye kazi. Sisi wachapaji tuna kitu kama hicho tangu zamani: kuna maneno yote uliyochapa, na kuna maneno halisi yanayobaki baada ya kukatwa makosa.

Vita vilipoanza mikono yake ilikuwa ya kupendeza kuitazama. Kushoto kibodi, kulia mausi, askari wanarudi nyuma, wanageuka, wanarusha mishale, wanarudi tena. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye lile jengo la katikati. Ndani ya gemu hiyo, jengo hilo ndilo linalozalisha wanakijiji. Mmoja anagharimu chakula 50 na anachukua sekunde 25 kutoka. Likiachwa bila kazi, uchumi wako unasimama na wewe huna habari. Lilikuwa halina kazi.

"Hilo jengo mbona limenyamaza?"

"Lipi?"

Hakuliona. Alikuwa kwenye vita, na vita vile aliviweza. Mchezo ulipokwisha alikuwa ameshindwa, na ukurasa wa takwimu ulionyesha kwamba mwenzake, mtu asiyemjua, alicheza kwa kasi ndogo kuliko yake. Ukilifanyia hesabu jengo lile, kulipatia kazi bila kukatika kunahitaji vitendo visivyofika vitatu kwa dakika. Vitatu, katika mia na ishirini. Vingine vyote alivipiga, hivyo vitatu akavisahau.

Sitaki mtu asome hapa akadhani ninaidharau kasi. Ipo tabia kwetu ya kujifunika kwa methali ya haraka haraka haina baraka wakati ukweli ni kwamba hatujafanya mazoezi. Mchapaji anayetafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada, mteja wake anakosa basi la Dodoma huku anamwona. Na katika kikao, maneno yakishatoka mdomoni hayarudi kumngoja mwandishi. Zile 80 za hatimkato ninazielewa na ninaziheshimu, kwa sababu kinachozidai kiko nje ya mwandishi: kuna mtu anaongea. Kwenye gemu vilevile, kuna adui anayekuja. Pale ambapo saa ni ya mwingine, kasi ni haki ya kazi.

Swali langu ni kasi inanunua nini.

Historia ya kazi yetu ina jibu zuri. Tarehe 25 Julai 1888, katika mji wa Cincinnati, Marekani, wachapaji wawili walishindanishwa hadharani, Frank McGurrin na Louis Traub. McGurrin alikuwa amejifunza kibodi yote kwa kukariri, anachapa kwa vidole vyote bila kuitazama mashine. Mashindano yalikuwa na sehemu mbili, kuchapa imla na kunakili maandishi, na McGurrin alishinda zote mbili. Magazeti yalisifu mikono yake. Mimi ninayasifu macho yake. Mtu anayetazama vitufe lazima kila mara ayaache maandishi, ashuke kwenye mashine, arudi atafute alipoishia. McGurrin hakushuka. Macho yake yalibaki kwenye karatasi tangu mwanzo hadi mwisho, na kasi ikaja kama matokeo.

Ndivyo tulivyofundishwa Tabora, ingawa hatukuambiwa sababu. Mkufunzi alifunika mikono yetu kwa kipande cha boksi, nasi tukarudia mstari wa katikati wa kibodi mpaka vidole vya mwisho vikauma, asdf upande huu na jkl upande ule, asubuhi nzima, darasa zima likipiga kwa pamoja. Kidole kidogo cha kushoto ndicho kinachoumiza watu wengi, kwa sababu herufi a ni yake, na Kiswahili kimejaa herufi a. Baada ya majuma kadhaa jambo la ajabu linatokea: huvihisi tena vidole. Unatazama maandishi na maandishi yanatokea upande wa pili. Hapo ndipo unapopata kitu ambacho hakimo kwenye cheti, nacho ni nafasi kichwani.

Nafasi hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia, na ni bora niionyeshe ilivyotokea dukani.

Walikuja watu wawili kutoka upande wa Ilongero, mzee anayeuza shamba la ekari tatu na mama anayelinunua. Walikuwa na karatasi ya mkono waliyoandikiwa kijijini, wakataka mkataba uchapwe vizuri waupeleke kwa mashahidi wakasaini. Msaidizi wangu akaichukua. Ni binti mwepesi. Mlio wa kibodi yake ni kama mvua kwenye bati. Alichapa majina, alichapa bei kwa tarakimu na kwa maneno, akafika kwenye mipaka. Karatasi ilisema shamba limepakana kaskazini na barabara, kusini na korongo, mashariki na shamba la marehemu kaka yake muuzaji, na magharibi na barabara. Mlio ukakatika.

"Babu, samahani. Hii barabara inakata kona?"

Mzee akasema hapana, barabara inanyooka moja kwa moja. Iko kaskazini.

"Basi huku magharibi kuna nini?"

"Kuna jabali."

Yule mama akainua kichwa. Yeye, siku aliyoonyeshwa shamba, jabali lilihesabiwa ndani. Tena ndilo lililompendeza, kwa sababu alifikiria kupasua kokoto za kujengea. Mzee naye akasema jabali ni la ukoo, halijawahi kuuzwa. Wakaanza kubishana, kwa heshima kwanza, kisha si kwa heshima sana. Wakatoka nje kumpigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Foleni nyuma yao ikaanza kunung'unika. Kaka mmoja mwenye fomu za mkopo akauliza kwa sauti, "Dada, hapa ni kuchapa au ni mahakamani?" Msaidizi wangu alikuwa ameweka mikono mapajani, anasubiri. Waliporudi walikuwa wamekubaliana jabali libaki kwa mzee na bei ipungue kidogo. Akachapa: magharibi limepakana na jabali, ambalo si sehemu ya mauzo haya.

Anayezijua kesi za ardhi za mkoa huu ataelewa ni nini kilizuiwa pale. Mabaraza yetu yamejaa watu waliouziana kwa nia njema, wakasaini karatasi yenye barabara mbili.

Katika dakika zile zote, kasi ya binti yule ilikuwa sifuri. Saa ya mtihani ingemwandikia sifuri. Na mwenzake ambaye angeinakili karatasi ile kama ilivyo, barabara kaskazini na barabara magharibi, angepata alama zote, kwa sababu asingekuwa na kosa hata moja. Nimewahi kumjaribu kijana wa namna hiyo, mwenye mikono mizuri mno. Alichapa kila alichopewa sawasawa kabisa, pamoja na makosa ya aliyeandika. Simlaumu. Hivyo ndivyo alivyopimwa toka siku ya kwanza.

Lakini tazama pia upande wa pili, maana hapa ndipo watu wa pole pole wanapokosea. Yule binti aliiona barabara ya pili kwa sababu ni mwepesi. Angekuwa anatafuta herufi, kichwa chake chote kingekuwa kwenye vitufe, na "magharibi" ingepita kama herufi tisa zisizo na maana. Vidole vyake havimhitaji tena. Vinakwenda vyenyewe, naye anabaki na muda wa kusoma anachokichapa, kukiwaza na kukitilia shaka. Kasi ilimnunulia macho. Aliyekuwa na kasi hiyo hiyo akaitumia kwenda mbio zaidi tu, amenunua kitu kizuri na hakukitumia.

Wataalamu wameliangalia jambo hili kwenye gemu zenyewe, kwa sababu gemu huhifadhi kila pigo na ni rahisi kuzichambua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada, walichapisha uchambuzi wa wachezaji 3,360 wa StarCraft II katika ngazi saba za ubora, na wakaonyesha kwamba kinachomtenga mchezaji na mwenzake hubadilika kadiri ngazi inavyopanda. Kipimo kinachofaa kwa wanaoanza si lazima kifae kwa waliobobea. Walitazama pia muda unaopita tangu mchezaji ahamishe macho mahali papya mpaka afanye kitendo chake cha kwanza pale. Mwaka uliofuata wakachukua wachezaji 3,305 wa umri wa miaka 16 hadi 44, wakakuta muda huo unaanza kurefuka mapema kuliko mtu angedhani: miaka 24. Baada ya hapo mikono inachelewa kidogo kidogo kila mwaka. Lakini waliona dalili kwamba wakubwa wanafidia, kwa kurahisisha mambo na kuvitumia vizuri vifaa ambavyo gemu yenyewe inawapa. Mimi niliivuka 24 zamani. Nimeyasoma matokeo hayo kwa faraja kubwa, na ninayaona kila siku dukani: msaidizi wangu ananiacha mbali kwa mapigo, ila mimi nina violezo vya barua na mikataba nilivyovipanga miaka mingi, na nusu ya kazi yangu imekwisha kabla sijagusa kitufe.

Kisha ikaja mashine. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza programu iitwayo AlphaStar, iliyowashinda wachezaji wawili wa kulipwa wa StarCraft II, TLO na MaNa, michezo mitano kwa bila kila mmoja. Mtu angedhani kompyuta ilishinda kwa kupiga haraka. Wastani wake ulikuwa vitendo kama 280 kwa dakika, chini ya wapinzani wake wote wawili. Wachezaji wakalalamika, na walikuwa na hoja: katika vita mashine ilikuwa inaruka ghafla ikapiga kwa wingi na kwa usahihi ambao mkono wa mtu hauwezi, halafu inatulia, na wastani unaficha hayo. Tena iliona sehemu zote za uwanja zilizo wazi kwake kwa mkupuo, wakati binadamu huona kipande kimoja cha skrini. Toleo jingine lililolazimishwa kutazama kipande kwa kipande, ambalo lilikuwa limefunzwa muda mfupi zaidi, MaNa alilishinda. Baadaye mwaka huo huo mashine ilifungwa breki, visizidi vitendo 22 katika kila sekunde tano, na bado ikapanda juu ya asilimia 99.8 ya wachezaji walioorodheshwa. Nilipomsimulia mtoto wa kaka yangu habari hii alikuwa tayari anaijua. Alichokuwa hajakiwaza ni kwamba ugomvi wenyewe, pande zote mbili, ulikuwa juu ya nani anaona nini.

Kwamba namba ya kasi haisemi yote, sisi wa Singida tulilishuhudia hadharani, tena kwa miguu. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia jijini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ukiichukua namba hiyo peke yake si ya kutisha. Yeye mwenyewe alishakimbia chini ya saa 2 na dakika 5, na rekodi ya dunia wakati huo, aliyoiacha marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya, ilikuwa saa 2 na sekunde 35. Siku ile joto lilikuwa kali na hapakuwa na wa kukimbiza rekodi. Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele hata hatua za mwisho kabisa uwanjani, na Simbu akampata mstarini kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Miguu ya haraka walikuwa nayo wengi. Simbu alijua lini atumie alichokuwa amekibakiza.

Tunapenda namba ya kasi kwa sababu ni rahisi kuipata. Saa ipo, kibodi inahesabu, msimamizi anajaza fomu, kazi imekwisha. Kupima kama mtu anaona kunahitaji mpimaji naye aone. Ofisi nyingi humsifu karani kwa mafaili aliyoyafunga, na hakuna anayeuliza ni mangapi yalirudi. Hata kwenye simu zetu ni hivyo. Ukituma pesa, kabla ya namba ya siri jina la mpokeaji linatokea, limewekwa pale kwa makusudi mazima ya kumfaa mtumaji. Simama kwa wakala yeyote hapa mjini utazame vidole vya watu vinavyoliruka jina hilo. Wakishakosea ndipo wanakuja mbio, jasho linawatoka, wanaomba muamala urudishwe. Nao wangehitaji sekunde mbili tu.

Mtoto wa kaka yangu bado anacheza. Sijamkataza, na sioni sababu ya wazazi kukataza gemu ya namna hii kwa mtoto aliyemaliza kazi zake, kwa maana inamfundisha kugawa macho yake kati ya vita na nyumba. Ameacha kunitajia ile mia na ishirini. Siku hizi akimaliza mchezo anafungua marudio, anautazama upya kwa mwendo wa haraka, anatafuta ni wapi jengo lake lilikaa bila kazi. Namba ya vitendo vyake imeshuka kidogo. Anashinda mara nyingi zaidi kuliko awali, lakini si kila siku; wapinzani nao wanajifunza.

Kwa vijana wanaosomea uhazili, pale kampasini na kwingineko, nasema endeleeni kuitafuta ile 80, na mkiipata itafuteni ile 100. Msikubali mtu awaambie kasi si kitu. Vidole vikishajua njia, someni mnachokichapa.

Na kwa wenzangu tunaoajiri: mwombaji akija na namba yake, mpokee, muwekee saa, mhesabie maneno. Kisha mpe ukurasa wa pili, mkataba mfupi wa shamba lenye barabara kaskazini na barabara magharibi, na usimwambie lolote. Akiunakili bila kosa, bado ana la kujifunza na wewe una la kumfundisha. Akisimama akauliza, mwajiri siku hiyo hiyo, hata kama maneno yake ni arobaini.